Dawa Inayolala Ndani ya Chupa: Jinsi Asali Inavyopambana na Bakteria

Jioni moja, katika uwanja wa nyumba tunayopanga hapa Arua, mji wa eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtoto wa jirani alivuta kitambaa cha meza na birika la chai likammwagikia mkononi. Kabla kilio hakijafika barabarani tulikuwa watu wazima watano tumemzunguka, kila mmoja na dawa yake. Huyu anataka dawa ya meno, yule unga wa ngano. Bibi mwenye nyumba alishatoka ndani na chupa ya asali ya Yumbe, kizibo kimeshafunguliwa. Aliyetutuliza ni sista, muuguzi anayeishi chumba cha mwisho. Hakubishana na mtu. Alimbeba mtoto hadi kwenye bomba, akaacha maji yapite juu ya ule mkono kwa dakika 20 nzima.

"Asali baadaye, bibi," alisema. "Sasa hivi ni maji tu."

Hilo neno "baadaye" ndilo lililonikaa kichwani. Sista hakuikataa asali, ila aliipangia zamu yake. Nimekulia West Nile, ambako asali hupakwa kwenye kidonda, hulambishwa mwenye kikohozi na hutiwa kwenye uji wa mama aliyetoka kujifungua, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia mtu akieleza inafanyaje kazi. Wanaoisifu husema ni dawa ya kila kitu. Wanaoidharau husema ni sukari tu. Kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Tuanze na wale wa "sukari tu", maana wana hoja.

Kama asilimia 80 ya asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na ikiwa imeiva vizuri maji yake hayazidi asilimia 20. Sukari nyingi kiasi hicho huyashika maji mengi yasibaki huru. Mtu wa huku kwetu hahitaji somo refu kulielewa jambo hili. Angara, wale samaki wa chumvi wanaoletwa kutoka Ziwa Albert, hukaa sokoni siku nyingi bila kuoza kwa sababu hiyohiyo: chumvi imeyafunga maji. Bakteria ni kama kifuko kidogo cha maji chenye ngozi nyembamba. Mtie ndani ya chumvi nyingi au sukari nyingi, na maji yake mwenyewe yatamtoka kwenda nje. Atasinyaa, hatazaliana tena.

Wanasayansi hupima maji yaliyo huru kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 1, maji matupu yakiwa 1. Asali iko karibu na 0.6. Bakteria wengi hushindwa kukua kipimo kikishuka chini ya 0.9, na hata yule mkaidi anayependa majipu na vidonda, Stafilokokasi aureasi, hukwama karibu na 0.86. Ndiyo maana maziwa yaliyokamuliwa alfajiri hayafiki jioni katika joto letu, lakini asali nzuri inakaa miaka.

Habari ingekuwa imeishia hapo, sharubati nzito ya sukari ingetosha kutibu vidonda, na sukari ni rahisi kuliko asali. Mwaka 1999 Rose Cooper, Peter Molan na Keith Harding walichapisha jaribio lililoliweka wazi suala hili. Walichukua aina 58 za Stafilokokasi aureasi zilizotoka kwenye vidonda vya wagonjwa vilivyokuwa na maambukizi, wakazikuza maabara kwenye chakula cha bakteria kilichochanganywa na asali kwa viwango mbalimbali. Asali ya mmanuka, kichaka cha New Zealand, iliwazuia bakteria ikiwa asilimia 2 hadi 3 tu ya mchanganyiko. Asali ya kawaida ya maua ya malisho iliwazuia ikiwa asilimia 3 hadi 4. Asali iliyozimuliwa kiasi hicho ni maji yenye ladha tamu tu. Sukari yake haina tena ubavu wa kumkausha mtu. Watafiti hao waliona kwamba asali iliendelea kuzuia bakteria hata ikizimuliwa mara 7 hadi 14 zaidi ya pale ambapo nguvu ya sukari inakoma.

Basi kuna kitu kingine ndani yake.

Sehemu ya kitu hicho ni uchachu. Utamu unauficha, lakini pH ya asali (kipimo ambacho kikishuka, uchachu umezidi) iko kati ya 3.2 na 4.5, jirani kabisa na maji ya machungwa, na bakteria wengi wa vidonda hustawi karibu na 7. Uchachu peke yake usingefika mbali, kwa sababu majimaji ya mwili huupoza upesi. Faida yake kwetu ni kwamba unatupa fununu. Asidi kuu iliyomo humo, asidi ya glukoni, haikutoka kwenye ua. Imetengenezwa ndani ya mzinga, na ukiifuata nyayo zake unafika kwenye siri yenyewe.

Nyuki anayerudi kutoka kwenye maua ya kahawa au ya mti wa shea hajabeba asali. Amebeba mbochi, maji matamu ambayo mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji. Ndani ya mzinga kuna joto la nyuzi kama 35. Fikiria maji ya sukari ya vuguvugu yakiachwa humo usiku mmoja: kila mpika pombe anajua kitakachotokea. Nyuki nao wanahitaji siku kadhaa kuyapunguza maji hayo, wakipokezana mbochi mdomo kwa mdomo na kuipepea kwa mabawa mpaka iwe nzito ya kufunikwa kwa nta. Katika siku hizo sukari bado ni nyepesi mno kujilinda. Ni nani anayeilinda?

Ni mate ya nyuki. Kutoka kwenye tezi zilizo kichwani mwao, nyuki vibarua huchanganya mbochi na kimeng'enya, yaani protini inayogeuza kitu kimoja kuwa kingine, kiitwacho glukosi oksidesi. Kimeng'enya hiki huchukua glukosi, oksijeni ya hewani na maji, kisha hutoa vitu viwili. Cha kwanza ni ile asidi ya glukoni. Cha pili ni haidrojeni peroksaidi, na hiyo wengi wetu tumewahi kukutana nayo: ni ile dawa ya dukani inayotoa povu jeupe ikimiminwa kwenye kidonda. Nyuki walikuwa wakiitengeneza kabla ya binadamu kuwa na duka.

Sasa sikiliza sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Asali inapoiva, maji yakapungua na uchachu ukapanda, kimeng'enya hicho kinasimama karibu kabisa. Hakifi, kinalala. Ndani ya chupa iliyofungwa, asali iliyoiva haina peroksaidi ya kuhesabika. Inalindwa na sukari na uchachu wake. Siku utakayoipaka kwenye kidonda chenye majimaji, majimaji yataizimua, uchachu utashuka, na kimeng'enya kitaamka na kuendelea na kazi kilipoiachia. Jambo lile ambalo ungedhani linaidhoofisha, yaani kuchanganyika na maji, ndilo linaloifungua silaha yake ya pili. Pale sukari inapoishiwa nguvu, peroksaidi inapokea zamu.

Kuligundua hili kulichukua muda. Mwaka 1937 watafiti nchini Ujerumani wakiongozwa na Dold waliona kwamba asali ina kitu kinachozuia bakteria na ambacho kinaharibiwa na joto na mwanga. Wakakiita inhibini, yaani kizuizi, bila kujua ni nini. Ilikuwa mwaka 1963 ambapo Jonathan White na wenzake kule Marekani walionyesha kwamba inhibini ni haidrojeni peroksaidi iliyotoka kwenye kimeng'enya cha nyuki.

Mtu anaweza kuuliza: kama ni peroksaidi tu, si ninunue ile ya chupa? Tofauti iko kwenye kipimo na mwendo. Peroksaidi inayopatikana kwenye asali iliyozimuliwa ni pungufu karibu mara 1,000 kuliko ile ya dukani ya asilimia 3. Ya dukani huja kama mvua ya mawe. Inapiga bakteria na nyama mpya ya kidonda kwa pamoja, halafu baada ya dakika chache imekwisha. Ya asali ni manyunyu yanayonyesha saa nyingi, na manyunyu ndiyo yanayoingia ardhini.

Lakini kimeng'enya ni kitu laini, na hapa ndipo ninapoumia ninapotazama asali yetu. Joto linakiua. Mwanga unakidhoofisha. Huku West Nile warinaji wengi bado wanatumia mizinga ya kusukwa kwa vijiti na kukandikwa kwa samadi, iliyopandishwa mitini. Sina ugomvi na mizinga hiyo. Nyuki wanaipenda na imelisha familia nyingi. Shida inaanza baada ya kurina. Masega yanatiwa kwenye sufuria pamoja na chavua, majana na moshi, yanawekwa kwenye sigiri yachemke ili nta ipande juu na asali ibaki chini. Asali hiyo huwa nyeusi, yenye harufu ya moshi, tamu kweli. Ila glukosi oksidesi imeshakufa. Imebaki sukari na uchachu, na labda kemikali chache za maua zinazostahimili moto. Aliyesema "ni sukari tu", akiwa ameshika chupa ya namna hiyo, hajakosea sana.

Kuna njia isiyohitaji moto: kuyaponda masega yaliyofunikwa nta, kuyaweka juu ya kitambaa safi au chujio, na kuiacha asali ishuke yenyewe kwa uzito wake. Inachukua usiku mzima, wakati mwingine siku mbili. Anayehitaji pesa za karo kesho asubuhi ana haki ya kuona ni muda mrefu, na sitamlaumu. Lakini muda huo mmoja ndio unaotenganisha asali hai na asali iliyokufa.

Turudi kwenye kidonda. Mwili nao una vimeng'enya vyake, na kimojawapo, katalesi, kazi yake ni kuivunja haidrojeni peroksaidi iwe maji na oksijeni. Ule povu jeupe unaouona ni katalesi ikifanya kazi. Kwa hiyo peroksaidi ya asali inapofika kwenye nyama inakuta mpinzani, na huenda sehemu yake ikavunjwa kabla haijamfikia bakteria. Peter Molan, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, alitaka kujua kama kuna asali inayobaki na nguvu hata peroksaidi ikiondolewa. Akaikuta ya mmanuka. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua ni kitu gani kinachofanya hivyo, mpaka mwaka 2008 ambapo kundi la Thomas Henle kule Dresden, Ujerumani, lilipokitaja: ni methiliglioksali, inayojitengeneza polepole ndani ya asali kutokana na kitu kingine kilichomo kwenye mbochi ya ua la mmanuka. Haitoki kwa nyuki, na haihitaji kuamshwa na maji.

Ugunduzi huo uliipandishia asali ya mmanuka bei mpaka leo, na nimeona watu Kampala wakinunua kichupa kidogo kwa fedha ambazo zingetosha jerikani zima la asali ya Yumbe. Kwa maoni yangu si lazima. Mmanuka una njia yake, asali nyingine zina ya peroksaidi, na katika jaribio lile la 1999 asali ya malisho ilikuwa nyuma kwa asilimia 1 tu. Ninachokubali ni kwamba chupa ya mmanuka imepimwa na nguvu yake imeandikwa, ilhali yetu inauzwa bila kupimwa. Asali mbili kutoka kijiji kimoja zinaweza kutofautiana sana kwa nguvu, kulingana na ua lililokuwa limechanua, jinsi masega yalivyoiva na mkono wa mrinaji.

Mwaka 2010 kundi lililoongozwa na Paulus Kwakman, Amsterdam, lilifanya kazi ninayoiheshimu kwa uvumilivu wake. Walichukua aina moja ya asali ya kitabibu, wakawa wanazima silaha zake moja baada ya nyingine ili waone ni ipi inayoua. Walizima peroksaidi, asali ikaendelea kuua baadhi ya bakteria. Wakaondoa methiliglioksali, bado. Wakarekebisha uchachu. Mwishowe wakakuta protini ambayo hakuna aliyeitilia maanani ndani ya asali: defensini ya nyuki, sehemu ya kinga ya mwili wa nyuki mwenyewe, inayoingia kwenye asali pamoja na mate. Kila bakteria alikuwa na silaha inayomuuma zaidi, na ni pale tu silaha zote zilipozimwa kwa pamoja ambapo asali ilibaki na nguvu ya sukari yake peke yake.

Hilo ndilo jibu la swali kubwa kuliko kidonda kimoja, swali la bakteria wanaozoea dawa. Dawa ya antibiotiki mara nyingi hushika mahali pamoja ndani ya bakteria, kama ufunguo mmoja kwenye kufuli moja. Bakteria akibadilisha kufuli, dawa imekwisha. Katika maduka mengi ya dawa nchini Uganda unaweza kununua vidonge viwili vya amoksisilini bila cheti, ukameza, ukajisikia nafuu ukaacha, na ukamwacha bakteria aliyebaki akiwa amejifunza kufuli jipya. Duniani kote, mwaka 2019, vifo milioni 1.27 vilitokana moja kwa moja na bakteria waliozoea dawa. Asali humjia bakteria kwa njia nyingi kwa wakati mmoja: inamkausha, inamchachusha, inamchoma, inamtoboa. Maabara zilizojaribu kuwafundisha bakteria kuizoea asali ya kitabibu, kwa kuwakuza mara nyingi katika kipimo kisichowaua, hazikupata usugu wa kudumu kama unaopatikana kwa antibiotiki. Na bakteria walioshinda dawa huuawa na asali sawa na wenzao.

Nikifika hapa huwa naona macho ya msikilizaji yakimeta, na ndipo ninapolazimika kupunguza mwendo. Yote niliyoyasema yametokea kwenye sahani ya maabara, mahali ambapo asali na bakteria wamewekwa pamoja na hakuna kinachowatenganisha. Mwilini swali la kwanza ni hili: asali itafikaje alipo bakteria?

Kijiko cha asali ukikimeza, sukari zake zinafyonzwa na utumbo na kuingia kwenye damu kama sukari nyingine yoyote. Kimeng'enya ni protini, na protini tumboni humeng'enywa kama nyama. Hakuna glukosi oksidesi inayosafiri kwenye damu hadi mapafuni au kwenye kibofu. Kwa hiyo asali iliyomezwa haitibu taifodi, haitibu kifua kikuu, haitibu maambukizi ya njia ya mkojo. Malaria haiigusi kabisa, maana malaria haisababishwi na bakteria. Vidonda vya tumbo ndivyo vinavyoniletea ubishi mwingi zaidi: ni kweli bakteria wanaovisababisha huzuiwa na asali kwenye sahani, lakini kati ya sahani na tumbo lenye asidi, chakula na ute, kuna safari ndefu. Anayeviugua anahitaji dawa za hospitali. Na mwenye kisukari akumbuke kwamba kwake asali ni sukari, hata ikiwa hai namna gani.

Kikohozi ni habari nyingine. Hapo asali haihitaji kuua mtu. Inapita kooni, inafunika mahali palipowashwa, na mtu analala. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, mwaka 2019 iliiweka asali kati ya vitu vya kujaribu mwanzoni kwa kikohozi cha muda mfupi kabla ya kukimbilia antibiotiki, kwa mtu aliyezidi mwaka mmoja. Kikohozi kikizidi wiki mbili, hapa kwetu, usiongeze kijiko; nenda ukapimwe kifua kikuu.

Mahali ambapo asali na bakteria wanakutana uso kwa uso ni kwenye ngozi, na ushahidi wenye uzito uko huko. Mwaka 2015 Andrew Jull na wenzake, katika mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 26 yaliyohusisha watu 3,011. Kwa majeraha ya moto ambayo hayajaingia ndani kabisa, asali iliponya mapema kwa siku kati ya 4 na 5 kuliko bandeji za kawaida. Kwa vidonda vya upasuaji vilivyoingia maambukizi, asali ilishinda dawa za kusafishia na kitambaa cha shashi. Kwa vidonda vingine, vikiwemo vile vya miguuni vinavyokaa miezi, ushahidi haukutosha kusema inasaidia. Huko ndiko liliko lile "baadaye" la sista. Jeraha la moto linahitaji maji kwanza ili joto litoke kwenye nyama. Asali haina uwezo wa kupoza. Kazi yake inaanza siku zinazofuata, wakati hatari imehama kutoka kwenye joto na kuwa maambukizi.

Tena asali iliyotumika kwenye majaribio ya hospitali kwa kawaida haitoki kwenye kabati la jikoni. Asali ya kitabibu huchujwa na kupigwa miale ya gama, kwa sababu ya jambo ambalo wengi hawalitarajii: asali haiui kila kilichomo ndani yake. Baadhi ya bakteria, wakibanwa, hujifunga ndani ya kitu kama mbegu kavu na kusubiri. Mbegu hizo, ziitwazo spora, hazikui ndani ya asali lakini hazifi pia. Miale ya gama inaziua bila kuleta joto, na kimeng'enya kinapona. Ndiyo maana kidonda kirefu, kidonda cha mwenye kisukari, au jeraha lililomzunguka mtu mkono mzima halifai kujaziwa asali ya sokoni nyumbani. Mchubuko mdogo uliosafishwa ni jambo jingine.

Spora hizohizo ndizo sababu ya katazo moja ambalo ningeliandika kwenye kila kizibo kama ningeweza. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata tone la kumkaribisha duniani. Spora za Klostridiamu botulinamu, ambazo tumbo la mtu mzima huzipitisha bila shida, huota kwenye utumbo wa mtoto mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto anakosa choo, kilio kinakuwa hafifu, hanyonyi vizuri, shingo inalegea. Ni nadra, lakini ukiona dalili hizo hakuna kusubiri asubuhi. Na kuchemsha asali hakusaidii: spora hizo huvumilia maji yanayotokota, ambapo kimeng'enya chema kinakufa mapema.

Sokoni, watu hujipimia asali kwa njia walizorithi. Wanawasha kiberiti kilichochovywa, wanadondosha tone kwenye maji, wanasubiri siafu waje au wasije. Nimezijaribu zote na haziaminiki. Sharubati nzito iliyopikwa vizuri hufaulu mitihani hiyo. Kuganda nako hakumaanishi imetiwa sukari. Ni glukosi inayojipanga kuwa punje, na asali safi nyingi huganda, hasa kwenye baridi ya milimani. Kinachosema ukweli ni kifaa kidogo cha kupimia maji, refraktomita, ambacho wanunuzi wa jumla wanacho. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi, hamira za porini huamka na asali inaanza kuchacha, inatoa mapovu na harufu ya pombe. Hilo hutokea mrinaji akivuna masega ambayo nyuki hawajayafunika, au akirina siku ya mvua na kuacha ndoo wazi, kwa sababu asali hunywa unyevu wa hewa. Uganda iliruhusiwa kuuza asali Umoja wa Ulaya tangu 2005, kwa hiyo ujuzi wa kupima upo nchini. Bado haujafika kwenye meza ya mama anayeuza kando ya barabara.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma, ile ambayo Wabatwa, wakazi wa asili wa msitu wa Bwindi kusini-magharibi mwa Uganda, walikuwa wakiitafuta humo kabla msitu haujafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, haifuati kipimo hicho. Kwa maumbile yake ina maji mengi zaidi na ni chachu kweli. Anayeihukumu kwa asilimia 20 ataitupa bure.

Wiki chache baada ya ile ajali nilikwenda kwa mama ninayenunua kwake asali, hapa sokoni Arua. Chupa zake huwa zimepangwa mbele kabisa, kwenye jua la saa sita, ziking'aa kama taa, na ndivyo zinavyovuta wateja. Nikamweleza habari ya mwanga na kimeng'enya kinacholala. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikung'uta vumbi kwenye vizibo.

"Sasa mwanangu, nikizificha nani ataziona?"

Tukakubaliana abakize moja mbele ya kuonyesha watu, nyingine zikae chini ya meza kwenye kivuli, zimefunikwa kitenge. Alipomaliza kuzihamisha akavuta jerikani la manjano lililokuwa nyuma yake.

"Na hii je? Hii mzee aliichemsha jana yote."

Nikamwambia hiyo ni tamu ile ile, aiuze kwa wanywaji chai. Ya kidonda amwambie mzee asiiweke motoni.